Shangazi Haambiwi Hapana

Kila asubuhi Lesieli hukohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, maana kifua chake ni kizima na sauti yake husikika kanisa zima wimbo ukianza. Hufika chini ya mshelisheli ulio mbele ya nyumba ya kaka yake, akasimama, akakohoa mara mbili, kisha akangoja. Ndani husikika kiti kikisukumwa, miguu ikiburuta ndara, na mlango wa nyuma ukilia bawaba. Mlango ukishalia, yeye huingia kwa mlango wa mbele. Mezani hukuta duara la maji mahali kilipokuwa kikombe, na nusu ya mkate. Kikombe na mwenyewe hawapo.

Ndivyo walivyolelewa. Kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawakai chumba kimoja, labda kiwe ni kanisa. Siku hizi wapo wanaoyacheka mambo hayo, hasa wanaorudi kutoka Auckland na miwani ya jua kichwani, lakini tangu Lesieli afiwe na mumewe na kujenga upande wa pili wa ua, Kelepi hajawahi kumaliza chai ya asubuhi akiwa amekaa kitini. Huimalizia nyuma, amesimama na farasi wake.

"Wifi, ungekuwa unakohoa polepole kidogo angalau angeondoka na mkate wake," Atelaite, mke wa Kelepi, humwambia karibu kila siku.

"Nikikohoa polepole atadhani ni mbuzi. Atabaki."

Kisha Lesieli huketi, Atelaite humwekea chai, na Meliame, binti yao, huja kupiga goti kumsalimu kabla ya kwenda shule. Umelala vizuri? Ndiyo, shangazi. Umekula? Ndiyo, shangazi. Shule inaendelea? Ndiyo, shangazi. Lesieli alikuwa ameizoea ndiyo hiyo kiasi kwamba hakuisikia tena. Huku kisiwani Eua, kama Tonga yote, dada wa baba ndiye mkubwa wa nyumba ya kaka yake. Harusini huketishwa mbele, msibani ndiye anayegawa mikeka, na neno lake kwa watoto wa kaka halitamkwi mara mbili. Mama hubembelezwa, baba hupigiwa magoti. Shangazi haambiwi hapana.

Lesieli mwenyewe hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na shamba dogo la miforosadi, ile ambayo magome yake huambuliwa, yakalowekwa na kupondwa mpaka yakawa nguo pana za kuzawadiana, na siku zake nyingi zilipita katika kuponda. Cheo cha ushangazi alikivaa kama mkeka ambao watu hujifunga kiunoni kwenda kanisani Jumapili: akakivaa kwa heshima, akakivua, akaendelea na kazi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku kinaweza kumkaba mtu mwingine.

Jumatatu moja alikuwa njiani kwenda kwenye ukumbi wa kina mama, ndoo ya rangi mkononi, aliposikia baiskeli ikifunga breki nyuma yake. Alikuwa Mwalimu Fifita, anayefundisha jiografia na ndiye anayesimamia maombi ya chuo kikuu ya wanafunzi wa kidato cha mwisho.

"Mama Lesieli, samahani. Nina jambo nataka kuelewa. Kwa nini umechagua udaktari?"

Lesieli akaitua ndoo. "Mimi? Nikasomee udaktari na magoti haya?"

Mwalimu hakucheka. Akamweleza polepole, kama mtu anayepita penye matope na viatu vipya. Meliame alisema chaguo lake la kwanza ni udaktari. Lakini katika baiolojia msichana huyo alikuwa anachechemea tangu mwaka jana, na wanaotoa ufadhili wa kwenda ng'ambo huangalia chaguo la kwanza kwanza. Likishindwa hilo, mara nyingi hawageuzi ukurasa. Hesabu na jiografia hakuna wa kumshika katika shule nzima. Akiandika kinachomfaa, huenda akaondoka mwakani. Akiandika udaktari, mwalimu alimwona akibaki.

"Ijumaa mchana napanda feri kwenda mji mkuu na majina," alisema. "Nimemuuliza mara mbili. Ananijibu kwamba shangazi yake alishasema."

"Nilisema lini?"

"Hilo hakuniambia. Nami siwezi kumfundisha mtoto wa watu aupinge mdomo wa shangazi yake." Akapanda baiskeli yake. "Mimi mwenyewe ninaye shangazi."

Ukumbini kina mama walikuwa wamekwisha kaa pande mbili za ubao mrefu uliovimba mgongo, nguo ya magome imetandazwa juu yake, kila mmoja na kitambaa chake cha kusugulia rangi. Lesieli akapata nafasi karibu na Lavinia, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye mzaha usiokwisha.

"Shangazi wa daktari amefika," Lavinia alisema. "Msogeeni. Mimi akirudi huyo daktari wenu nitampelekea goti la kushoto kwanza. La kulia nitamwekea mwaka unaofuata, asichoke."

"Mimi nitampelekea mume," mwingine akadakia. "Amkague kama bado yuko hai. Akishakunywa maji ya mizizi ya kava hatikisiki."

Wakacheka. Lesieli akachovya kitambaa chake. "Hivi," aliuliza, macho kwenye rangi, "ni nani aliyesema kwamba Meliame atakuwa daktari?"

Mikono yote ikasimama juu ya ubao.

"Wewe!" walijibu kwa pamoja, kama wanaoitikia sala.

"Umesahau?" Lavinia akamshangaa. "Mwezi wa tano, Jumapili ya watoto. Chakula kimetandazwa, mchungaji amesimama kuomba, na yule mjukuu wangu kakanyaga mwiba wa mlimau. Analia mpaka mbwa wanamjibu. Meliame akamkamata, akamtoa mwiba kwa pini ya nguo yake. Ukasema mbele ya mchungaji, mbele ya wote: 'Mtoto huyu ana mkono wa daktari.'"

Lesieli akakumbuka. Akakumbuka nguruwe wa kuokwa aliyekuwa anapoa, na harufu ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo. Akakumbuka pia kwamba baada ya kusema maneno yale, kule mwisho wa mikeka kaka yake akainamisha kichwa. Alidhani anaomba.

"Yalikuwa maneno tu," alisema.

"Ya kwangu ni maneno tu," Lavinia alimjibu, akirudia kusugua. "Ya kwako wewe, kwa watoto wa Kelepi, ni amri. Haya, rangi inakauka."

Kesho yake asubuhi alikohoa kama kawaida, mlango ukalia kama kawaida, lakini safari hii hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, akijua fika kwamba Kelepi yuko kwenye ngazi ya nyuma, hatua chache tu kutoka dirishani.

"Wifi, muulize mwenzio," alisema kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Meliame alisema lini kwamba anataka udaktari?"

Atelaite alikuwa anakata mkate. Hakugeuza hata kichwa. "Kelepi, unaulizwa—"

"Nimesikia," sauti ikatoka nje. "Mwambie dada yangu, neno lake tulilipokea kwa mikono miwili."

"Wifi, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie sikuuliza neno langu. Nimeuliza neno la mtoto."

Farasi akapiga chafya. Kelepi akamshika hatamu. "Mwambie, mtoto atakuwa na neno gani tena, shangazi akishasema?"

"Nyinyi wawili mmenigeuza simu," Atelaite alisema, kisu hewani. "Na simu yenyewe haina salio."

"Na mwambie," Kelepi akaongeza nje, sasa kwa sauti laini, "kwenye kava wenzangu wananiita Baba Daktari."

Lesieli akaisikia ile furaha. Kaka yake hakuwa mtu wa kusifiwa. Alikuwa mkulima wa magimbi mwenye farasi mmoja na aibu nyingi, na maneno yale mawili alikuwa anatembea nayo kila usiku wa kava kama mtu mwenye saa mpya. Akamgeukia wifi yake, akashusha sauti. "Na wewe mama yake? Uliona anaupenda?"

"Mimi?" Atelaite akaweka kisu chini. "Mimi nilidhani wewe umeona kitu ambacho mimi sikukiona. Nikasema, ndiyo maana ya shangazi."

Meliame akaingia na begi lake, akapiga goti. Alikuwa msichana mrefu, nywele zimesukwa mbili kama sheria ya shule inavyotaka, uso umetulia kama maji ya pipani.

"Meliame," Lesieli akaanza, "unataka kusomea nini?"

"Udaktari, shangazi."

"Kwa nini?"

"Ni kazi nzuri, shangazi."

"Na ningesema ualimu?"

"Ualimu pia ni kazi nzuri, shangazi."

"Na ningesema ufuge nguruwe?"

Pembe ya mdomo wa msichana ikacheza, kidogo mno. "Nguruwe nao wanahitaji mtu, shangazi."

Atelaite akacheka mpaka akashika meza. Meliame akasimama, akaenda zake shule. Lesieli akabaki anautazama mlango aliotokea. Katika miaka yote ya ndiyo, ile pembe ya mdomo hakuwahi kuiona. Kwa hiyo nyuma ya ndiyo palikuwa na mtu, tena mtu wa mzaha. Ni nani huyo? Anapenda nini? Alijiuliza njia nzima, akajiuliza akiponda magome, mpaka akaponda mahali pamoja pakatoboka.

"Wifi," alimuuliza Atelaite jioni, kwenye kamba ya nguo, "mtoto huyu siku za Jumamosi huenda wapi?"

"Kwa mjomba wake. Humsaidia Hopoate kupalilia kava."

Basi Jumatano Lesieli akapanda kilima. Njiani ndipo lilipomjia wazo, akajicheka kwa kutoliwaza mapema. Kwa shangazi mtoto hana kauli, lakini kwa mjomba mambo hugeuka. Kaka wa mama ni mama mwenye ndevu, naye mtoto wa dada yake ndiye bwana wake: atachukua jembe lake, atakula sahani yake, atamtania mbele ya wageni, na mjomba atacheka. Kule juu, Meliame ndiye aliyekuwa Lesieli.

Hopoate alikuwa anatengeneza uzio, misumari mdomoni. Akaitema mkononi alipomwona.

"Shemeji! Umepanda mwenyewe? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuuliza kama mpwa wako anapalilia vizuri."

"Kupalilia!" Hopoate akatazama magugu yake yaliyofika magotini. "Unaona dalili ya kupaliliwa hapa? Mimi ndiye ninayemsaidia yeye. Kila Jumamosi nasimamishwa juani kama mti wa uzio, nashika fimbo."

Akampeleka kibandani. Ukutani zilikuwa zimeegemezwa fimbo mbili ndefu zilizonyooka, zimechorwa mistari kwa rangi nyekundu ya kucha, na kando yake mpira wa maji wenye kuonyesha ndani, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Mwaka jana walikuja wale wapima ardhi wa barabara ya msituni," Hopoate alieleza. "Likizo nzima aliwafuata, anawabebea vifaa. Walipoondoka akaja kwangu, akakata mpira wangu wa kumwagilia. Hakuomba, akakata. Kisha akapima shamba langu lote. Shemeji, miaka yote nimemwambia jirani yangu yule pale kwamba shamba langu ni kubwa kuliko lake. Mtoto alipomaliza akaniambia, 'Mjomba, acha kujisifu. Mwenye dogo ni wewe.'"

"Na ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nilimpa ndizi."

Lesieli akagusa ile mistari myekundu. Ilikuwa imenyooka, hakuna uliotetemeka. "Anasema anataka kuwa mpima ardhi?"

"Hapa hasemi anataka. Hapa anaamuru. 'Mjomba, sogea. Mjomba, umeinamisha fimbo. Mjomba, usipumue, maji yanatikisika.'"

"Usipumue!"

"Naapa. Nami sipumui."

Lesieli akajaribu kuisikia sauti ya Meliame ikisema usipumue. Haikuja. Akajikuta ana kijiwivu kidogo kwa mtu huyu mwenye magugu, ambaye msichana yule alimfungulia mdomo bila kuombwa.

"Jambo lenyewe dogo," Hopoate alisema. "Shuka, mwamuru asomee kupima ardhi. Neno moja tu, mambo kwisha."

"Nikimwamuru atasema ndiyo, shangazi. Kama alivyosema kwa udaktari. Kama alivyosema kwa nguruwe."

"Sasa shida iko wapi, kama jibu ni lile lile?"

"Nitajuaje kama anayekwenda ni yeye au ni mimi?"

Hopoate akakuna ndevu. Akarudisha misumari mdomoni. Lesieli akauning'iniza mpira begani, akazikumbatia fimbo mbili, akashuka kilima. Kijiji kizima kikamwona, na kwa kuwa alikuwa mama wa kanisa, hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi asubuhi alimwambia Meliame, "Leo ukitoka shule, uje shambani kwangu. Vile vitu vyako vya kwa mjomba nimekuletea."

Kikombe cha msichana kikasimama nusu ya njia. "Ndiyo, shangazi," alisema, lakini baada ya kumeza mate.

Haja ilikuwa ya kweli, si ya kubuni. Upande mmoja wa miforosadi ya Lesieli maji ya mvua yalikuwa yanatuama, na mizizi imeanza kunuka. Mfereji ulitakiwa kuchimbwa. Meliame alipofika, bado na sare ya shule, alimkuta shangazi yake na jembe.

"Nataka kuyatoa maji haya," Lesieli alimwambia. "Nipimie."

Mwanzoni kazi ilikwenda kwa woga. Msichana akaujaza mpira maji kutoka kwenye ndoo, akamkabidhi shangazi ncha moja na fimbo moja kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Akaenda na ncha nyingine upande wa pili. Maji ya mpirani, alieleza kwa sauti ndogo, husimama kimo kimoja huku na huku. Ukisoma mstari yanapofika kwenye kila fimbo, utajua ardhi ya wapi iko juu na ya wapi iko chini. Ndiyo hivyo, shangazi. Samahani, shangazi.

Lakini walipohama mara ya pili na ya tatu, kitu kikaanza kubadilika. Msichana alipiga magoti topeni na sare yake. Alifumba jicho moja. "Toa kidole, umeziba," alisema, na Lesieli akatoa kidole, na ni baadaye kidogo tu alipogundua kwamba sentensi hiyo haikuwa na shangazi ndani yake. Alizuia hata pumzi.

Kisha Meliame akasimama. Akatazama upande wa barabara, akatazama upande wa kanisa, akarudi kupima tena pale pale alipokwisha pima. Uso ukakunjamana.

"Tayari?" Lesieli akauliza. "Yatashukia barabarani, nami nilijua. Bibi yako alikuwa akisema hivyo hivyo, shamba hili linamwaga barabarani. Nichimbe hapa?"

Meliame akatazama ncha ya mpira.

"Meliame. Nichimbe hapa?"

"Ndi..." msichana alianza, na neno likakwama.

Lesieli akainua jembe, akachimba. Udongo mwekundu ukaruka. Akachimba tena, na sasa jembe likakata mzizi wa mforosadi, mzizi mweupe mzima. Meliame akautazama ule mzizi kama vile umekatwa mwilini mwake.

"Hapana," alisema.

Jembe likasimama.

"Hapana, shangazi. Huko ni juu. Ukichimba hapo utajichimbia bwawa. Maji yanataka kwenda kanisani."

Lesieli alikuwa amepanda kilima kulitafuta neno hilo. Alikuwa amebeba fimbo kijiji kizima kwa ajili yake. Sasa lilipokuja, lilimchoma. Joto likampanda mpaka masikioni. Mtoto wa kaka yake, amesimama shambani mwake, anamwambia hapana!

"Bibi yako aliishi hapa maisha yake yote," alisema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Unataka kuniambia hakujua maji ya shamba lake yanakokwenda?"

"Bibi alikosea," Meliame alisema, kisha akajiziba mdomo kwa mkono wenye tope. Macho yalimtoka. Tope lilibaki shavuni, alama ya vidole vinne.

Walitazamana. Ni ile alama ya vidole iliyomrudisha Lesieli mahali pake. Akaliegemea jembe. Huyu ndiye mtu niliyekuwa namtafuta, aliwaza, na kidogo nimfukuze.

"Nionyeshe," alisema.

Meliame akachukua ndoo, akamwaga maji taratibu pale pale kati. Maji yakatanda, yakasita, yakaonekana kama yanataka barabara. Kisha yakageuka. Yakaupita mforosadi wa kwanza, yakaupita wa pili, yakashika njia ya kanisani. Shangazi na mpwa wakayafuata wameinama kama watu wanaotafuta sindano, mpaka yalipofika kwenye ukingo wa shamba na kuingia ardhini.

"Kumbe," Lesieli alisema. Miaka yote hiyo. Macho ya watu wote waliomtangulia yalidanganyika. Alijisikia mwepesi ajabu, kama aliyeonyeshwa chumba kingine katika nyumba yake mwenyewe. "Na shamba la Lavinia pale jirani je, linamwaga wapi?"

"Kwako, shangazi."

"Nilijua! Mwanamke yule nilijua!" Akacheka, na msichana naye akacheka, na kwa mara ya kwanza Lesieli akaliona pengo dogo la meno yake ya mbele, sawasawa na la Kelepi.

Walikusanya vifaa. Meliame akaikwangua fimbo tope kwa ukucha, mstari kwa mstari.

"Kesho Mwalimu Fifita anapanda feri," Lesieli alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Atakuuliza chaguo lako la kwanza. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa hapa, nachimba uliponiambia."

Msichana akaendelea kukwangua fimbo iliyokwisha takata. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka. "Shangazi, naweza kuuliza swali?"

Tangu azaliwe hakuwahi kumuuliza hata moja. "Uliza. Moja tu, jua linazama."

Kabla hajauliza, nyuma ya uzio wa miti, kwenye njia itokayo mashambani, mtu akakohoa. Alikohoa mara mbili. Kwato za farasi zikasimama. Kelepi alikuwa anarudi na magimbi yake, ameona dada yake yupo, naye akawa amegeuza mgongo kama inavyompasa, akingoja apishwe njia. Meliame akautazama uzio. Lesieli akamwona akitaka kulimeza swali, akamtikisia kichwa: sema.

"Siku ile ya mwiba," Meliame alisema, polepole. "Ulipomwambia mchungaji. Ulitaka kweli niwe daktari?"

Lesieli angeweza kutafuta maneno mazuri. Mama wa kanisa hayakosi. Lakini msichana yule alikuwa amemwambia ukweli kuhusu shamba lake, na nyuma ya uzio alikuwapo mtu mwingine aliyestahili kuusikia, Baba Daktari, na farasi wake.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka njiani. "Nilikuwa na njaa. Nilitaka yule mtoto anyamaze, tule."